Kinu Kitupu

"Kata," alisema Farhana, na mchi wa Maimunah ukapiga mara mbili zaidi ndani ya kinu kabla haujatulia.

Jiko lilijaa watu na taa, na joto lake lingetosha kuumua unga. Mpiga picha alijifuta shingo kwa ukosi wa shati. Awiti, mwigizaji aliyekuwa amepiga magoti kando ya karai akimwogesha mtoto wa plastiki, alimshika yule mtoto mguu mmoja akamning'iniza kama kuku wa sokoni.

"Bi Maimunah," Farhana alisema kwa upole wa mtu anayejizuia, "nikiinua mkono, ujue sauti imetoka nyuma ya ukuta. Unaacha kutwanga. Unasikiliza. Basi, ni hilo tu."

"Nimesahau, mwanangu."

"Umesahau mara tatu."

"Ni uzee."

"Jjajja anaogopa karanga zitatoroka," alisema Awiti, akimwita bibi kwa Kiganda, na watu wakacheka. Maimunah naye alicheka, kwa sababu kutocheka kungeonekana.

Hakuwa amesahau. Kila mara mkono wa Farhana ulipopanda juu, kitu fulani kilishuka kutoka mabegani mwa Maimunah hadi kwenye viganja, na mchi ukaongeza kasi wenyewe. Alijiambia: safari hii nitasimama. Mkono ukapanda, naye akatwanga kama mtu anayefukuzwa.

Farhana alikuwa amemfuata huko Nateete anakoishi, mwezi uliopita. Msichana mrefu, miwani ya duara, mtandio uliokuwa ukiteleza kila alipoongea kwa hamu, yaani kila wakati. Alimkuta Maimunah penye meza yake nyuma ya msikiti, anapokaanga sambusa tangu mumewe, Mwalimu Rafiq, alipofariki. Alikuwa anatafuta mama mtu mzima, alisema, anayejua mapishi ya zamani, na ambaye Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwake. Nateete nzima ilimwelekeza kwenye meza ile. Babu yake Maimunah alifika Kampala na mizigo ya watu wa pwani, akaoa, akabaki, na ukoo wote ukabaki na lugha yake kama wengine wanavyobaki na sanduku la vyombo.

Farhana alimweleza filamu yake huku akila sambusa ya tatu. Nyumba moja mlimani, miaka ya utawala wa jeshi. Afisa hatumwoni kabisa. Tunamwona mke wake: anabadilisha mapazia, anaogesha mtoto, anapokea wageni wa chakula cha mchana. Nyuma ya ukuta wa ua kuna nyumba nyingine, ambamo watu wanaingizwa na hawatoki. Hakuna kofi hata moja litakaloonyeshwa. Hakuna bunduki.

"Damu watu wameizoea, Bibi," alisema. "Mimi nataka waone chai ikimiminwa."

"Na mimi nitafanya nini humo?"

"Wewe ni mpishi. Huna maneno. Tunakuona kwa nyuma, unatwanga karanga."

Maimunah alikung'uta mafuta kwenye kijiko chake chenye matundu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa na miaka kumi na saba alipopika katika nyumba kama hiyo, kwenye mlima mwingine wa Kampala. Alikaa huko miezi minane. Hakumwambia Rafiq, aliyelala kando yake miaka thelathini. Hakumwambia binti yao. Hapo Nateete, kila mtaa ulikuwa na nyumba iliyopoteza mtu, na hakuna namna ya kumfungia jirani sambusa kwenye gazeti huku ukimwambia mwaka ule ulikuwa wapi. Angeweza kumjibu Farhana kwamba miguu inamuuma. Lakini alikubali, akajidanganya kwamba anataka tu kuona watu wa filamu watakavyoutengeneza ule ukuta.

Waliutengeneza vizuri mno. Nyumba waliyoikodi Muyenga ilikuwa na ua mwembamba, na mwisho wa ua, ukuta mrefu wa matofali uliopakwa chokaa na kuota ukungu chini. Waliweka redio ya mbao dirishani. Walitundika mapazia ya rangi ya chungwa. Siku ya kwanza Maimunah aliposimama mlangoni pa jiko, alilazimika kushika fremu.

"Tunarudia," alisema Farhana. "Mara ya nne. Bi Maimunah, tafadhali."

Mkono ulipanda. Maimunah alitwanga. Alitwanga mpaka "kata" ikasemwa mara mbili, na Farhana akakaa kwenye ngazi ya mlango akashika kichwa.

"Hiyo usiifute," ilisema sauti kutoka kona.

Alikuwa Komakech, fundi wa sauti, mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mvi zimeanza pembeni, hedifoni zimemkaa masikioni tangu alfajiri kama sehemu ya mwili. Siku nzima alikuwa ameshika mti mrefu wenye maikrofoni nchani, na hakuwa amesema maneno kumi.

"Kwa nini? Amekosea tena."

"Wewe usiifute tu. Twende tukule kwanza."

*

Chakula cha mchana walikula uani, chini ya ukuta. Matoke, mchuzi wa karanga, nyama kidogo, mboga. Maimunah alipakua kwa kila mtu kama alivyozoea, akimkaripia mpiga picha aliyetaka mchuzi juu ya mchuzi. Awiti, bado amevaa gauni la mke wa afisa, alikula kwa mikono akisimulia jinsi mama mwenye nyumba wake huko Namuwongo alivyomwona kwenye tangazo la sabuni na kumpandishia kodi siku hiyohiyo.

"Eti, 'Wewe sasa ni mtu wa televisheni.' Nikamwambia, mama, mimi ni mtu wa povu."

Komakech alikuja wa mwisho. Alipokea sahani kwa mikono miwili, akaketi kwenye sanduku la vifaa karibu na sufuria, mbali na wengine. Alikula nusu ya chakula, akamgeukia Maimunah.

"Mama, niko na swali. Usikasirike."

"Uliza, baba."

"Ile mara ya nne, karanga ziliisha. Ulishazitoa zote kwa sahani. Kamera haikuona, iko nyuma yako. Lakini mimi nasikia. Kinu yenye karanga inalia namna yake. Kinu tupu ni mti na mti." Aligonga kijiko kwenye sanduku, mara moja, kavu. "Ulitwanga kinu tupu dakika nzima."

"Sikuona kama zimekwisha."

"Wewe? Mwenye anasikia harufu ya mchuzi akajua chumvi imepungua?"

Maimunah alifunika sufuria. Akaifunua. Akaifunika tena.

Komakech aliweka sahani chini. Alipoongea tena alikuwa anautazama ukuta.

"Shida yangu ni moja. Farhana ameandika kwa karatasi: 'Hapa sauti inatoka nyuma ya ukuta.' Ni hivyo tu. Sasa mimi ndiye wa kuiweka hiyo sauti. Sauti gani? Nimeuliza wazee. Mmoja anasema mayowe. Mwingine anasema magari, wanawasha injini watu wasisikie. Mwingine amenifukuza kwake. Nikikosa, nitafanya kama wote wanafanya. Nitanunua mayowe. Yapo mengi kwa kompyuta, mayowe ya kila bei, watu wa nchi sijui gani walilipwa wakapiga kelele kwa studio."

"Basi weka hayo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Baba yangu walimchukua akitoka kazini, pale njia ya Mulago. Mimi nilikuwa tumboni. Olweny, ndilo jina lake. Gari ilisimama, akaingizwa, ikaisha. Mama yangu alizunguka milango yote mpaka viatu vikaisha." Alisema haya bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anasoma kitambulisho. "Kama aliingia nyuma ya ukuta kama huu, kuna mtu alimsikia. Upande huu kulikuwa na watu. Walikuwa wanapika, wanafua. Mimi sitafuti wa kumfunga jela, Mama. Nataka kujua alikuwa anasema nini. Siwezi kumwekea baba yangu mayowe ya mtu mwingine."

Alisubiri. Hakumtazama usoni, na hiyo ilikuwa heshima, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko kutazamwa.

"Kula," alisema Maimunah. "Chakula kinapoa."

Alichukua sahani chafu akaingia nazo jikoni. Alifungua bomba, akasimama huku maji yakimwagika juu ya mikono yake.

Siku ile ya kwanza, katika nyumba ile ya ujana wake, alikuwa anaanika nepi. Sauti ya mwanaume ilikuja kutoka upande wa pili, na haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya taratibu, kama ya mtu aliyesimama mbele ya karani. Alikuwa anajieleza. Maimunah alisimama na kibanio cha nguo mdomoni, na kila neno alilielewa. Kisha dirisha la jikoni likafungwa. Madamu, mke wa afisa, alitoka uani, mtoto kiunoni, uso wake mzuri umetulia.

"Maimunah, twanga."

"Nitwange nini, Madamu? Karanga za leo nimekwisha kutwanga."

"Twanga tu."

Akatwanga kinu kitupu. Madamu alikaa mlangoni akiimba wimbo wa kumlaza mtoto, na baada ya hapo akampa kikombe cha chai chenye maziwa mengi. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa. Viganja vilipotoka malengelenge, Madamu alimpaka mafuta kwa mikono yake mwenyewe, akipuliza polepole kila kidole. Idi ilipofika alimpa kitambaa cha gauni. Alikuwa mwema. Maimunah amejaribu miaka yote kumkumbuka vinginevyo na ameshindwa. Ilipofika mwezi wa pili hakungoja tena kuambiwa. Lango la upande wa pili likisikika, yeye tayari yuko kwenye kinu, na alijua, kwa urefu wa ukimya baina ya mapigo yake, ni wakati gani anaweza kupumzisha mkono.

"Jjajja," mtu aliita kutoka sebuleni, "njoo ujione."

*

Walikuwa wamejikusanya mbele ya skrini ndogo. Farhana alikuwa amesimama, mtandio umemwangukia mabegani, hana habari.

"Tazameni. Jamani, tazameni. Hasikilizi. Anatwanga zaidi. Anatwanga ili asisikie." Alimgeukia Maimunah, macho yanang'aa. "Mimi niliandika ujinga, Bi Maimunah. Niliandika mtu mwenye moyo anayesimama kusikiliza. Wewe umenionyesha."

Kwenye skrini kulikuwa na mgongo. Mgongo wa mwanamke mnene kiasi, gauni la kitenge, mabega yanapanda na kushuka sawasawa, kwa utulivu, hata kwa uzuri. Kando yake mwanamke mwingine anaogesha mtoto. Nuru ya mchana ilikuwa nzuri. Mtu asiyejua angeona nyumba yenye amani.

Maimunah hakuwahi kujiona kutoka huko. Hapo, nyuma ya mgongo wake, ndipo ukuta ulipokuwa.

"Na mimi sasa?" aliuliza Awiti. "Yeye anatwanga. Mimi mwenye nyumba nafanya nini? Niangalie ukuta?"

"Usiutazame ukuta," alisema Maimunah. "Hatazami ukuta kamwe. Mkagulie mtoto sikio, kama maji yameingia."

Ilimtoka kabla hajaipima. Komakech, aliyekuwa anakunja waya sakafuni, aliacha kukunja.

"Nani alikwambia hivyo?" Farhana aliuliza.

"Ndivyo wanavyofanya kina mama."

Farhana aliitikia kwa kichwa taratibu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaridhika. Yeye alitafuta filamu, na alikuwa ameipata. Komakech hakuandika chochote.

Mara ya tano ilikwenda bila kasoro. Mkono ulipopanda, Awiti aliinama juu ya karai, akamgeuza mtoto wa plastiki kichwa, akampangusa sikio kwa ncha ya taulo, polepole, huku midomo yake ikitabasamu kidogo kwa jambo lake mwenyewe. Nyuma yake mchi ulipanda na kushuka. Farhana aliiacha iende muda mrefu sana. Aliposema "kata", watu walipiga makofi, mpiga picha akasema "safi kabisa", na mtu akaenda kuleta soda.

Awiti hakuinuka. Alikuwa bado amemshika yule mtoto kwenye taulo.

"Hii kitu inaanza kunitisha," alisema, si kwa mtu yeyote. "Nilikuwa najisikia vizuri. Si kuigiza. Nilikuwa najisikia vizuri kabisa."

Farhana alimkumbatia Maimunah, akanukia pafyumu na jasho. "Umetupa filamu, Bibi. Wallahi umetupa filamu." Maimunah alimpigapiga mgongoni kwa kiganja, kama anavyombembeleza mjukuu. Alihisi kwamba angeweza kwenda nyumbani hivi, na shukrani hizi, na chakula kilichobaki kwenye kontena, na kesho akakaanga sambusa. Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyejua kitu ila mwanaume mmoja aliyesikia mti na mti.

Walianza kufungua taa. Komakech akainua mkono.

"Bado. Nipeni dakika moja ya kimya. Kila mtu asimame pale alipo, asisogee, asiongee. Zimeni simu."

"Ya nini?" aliuliza Awiti.

"Kila chumba iko na kimya yake. Nikikata maneno hapa na pale, inabaki shimo. Nachukua kimya ya hapahapa, naziba nayo." Alirudisha hedifoni masikioni, akaunyanyua ule mti mrefu mpaka maikrofoni ikaning'inia katikati ya jiko, juu ya kinu. "Tayari. Inaenda."

Wakasimama. Mpiga picha na waya mkononi. Farhana na karatasi zake kifuani. Awiti na mtoto. Maimunah alikuwa kati yao, mikono mitupu.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha tone moja la maji kutoka bombani. Bodaboda ikipanda mlima, mbali, ikibadili gia. Nyaya za taa zikipoa. Mtu mmoja alimeza mate na ikasikika. Ua uliokuwa nje ya dirisha ulikuwa wazi kabisa masikioni, mpaka kwenye ukuta, na Maimunah alitambua kwamba sauti ya mtu, ya kawaida tu, ingefika hapa nzima, neno baada ya neno.

Mbele yake Komakech alikuwa amefumba macho. Anasikiliza. Hivi ndivyo atakavyofumba macho nyumbani kwake siku atakapoketi mbele ya kompyuta, akinunua mayowe.

"Hawakupiga mayowe," alisema Maimunah.

Farhana aligeuka haraka, mdomo wazi. Komakech, bila kufumbua macho, aliachia mti mkono mmoja akamnyooshea Farhana kiganja: acha.

"Yule wa kwanza hakupiga mayowe. Alikuwa anajitaja." Sauti yake mwenyewe ilimshangaza, ilikuwa ya kawaida. "Alisema kwa Kiswahili, ili yeyote aliye upande huu aelewe. Alisema: 'Mimi naitwa Erinayo Oyat. Natoka Kitgum. Mke wangu ni Ayaa. Anayenisikia amwambie.' Halafu anaanza tena. 'Mimi naitwa Erinayo Oyat.' Mara ngapi, sijui. Mimi nilikuwa uani naanika nepi. Nilimsikia vizuri kama ninavyowasikia nyinyi. Nilielewa yote. Sikumwambia Ayaa. Sikumwambia mtu yeyote, mpaka leo."

Awiti alimshusha yule mtoto wa plastiki sakafuni, taratibu, akikishikilia kichwa, kama mtoto wa kweli. Farhana alikuwa amezibana karatasi zake mpaka zimekunjika. Alionekana, ghafla, mdogo sana.

Komakech alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa inasogea. Alikuwa analirudia lile jina ndani kwa ndani, Erinayo Oyat, Erinayo Oyat, asilipoteze. Halikuwa jina la baba yake. Maimunah aliona jinsi alivyolipokea hata hivyo, na jinsi alivyoliweka pembeni kwa uangalifu, na jinsi alivyobaki amesimama, bado anangoja jingine.

"Na siku ya pili, Mama?" aliuliza. "Siku ya pili walitaja nani?"

"Siku ya pili nilikuwa nimeshapewa mchi."

Hakuna aliyesema kata. Dakika ilikuwa imepita zamani. Kwenye mashine iliyokuwa kiunoni mwa Komakech taa nyekundu iliendelea kuwaka, na namba zikaendelea kukimbia. Mikono yake ilikuwa imechoka. Ule mti mrefu ulianza kutetemeka, ukawa unashuka kidogo kidogo, bila yeye kujua au bila yeye kutaka kuuzuia, mpaka manyoya ya maikrofoni yakagusa ukingo wa mtandio wa Maimunah, karibu na mdomo wake, yakatulia hapo.